Simulizi, kamba ya miaka, matembezi au wazee: njia ipi ya kumfundishia mtoto mdogo historia?

Mwambie mtoto wa miaka sita kwamba Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922, naye atauliza: "Bibi alikuwepo?" Ukisema hapana, atauliza kama dinosaria walikuwepo. Kwake zamani ni chumba kimoja, na wote wamejazana humo: bibi, Nyerere, Wareno, Sungura mjanja na dinosaria. Kumfundisha historia mtoto wa miaka 5 hadi 9 ni kumsaidia kukigawa chumba hicho pole pole, ajue nani alikuwa mtu wa kweli, nani alitangulia, na sisi tumejuaje.

Njia zinazowezekana nyumbani na darasani, bila fedha nyingi, ni nne: kusimulia kwa mdomo, kutundika kamba ya miaka, kwenda mahali penyewe, na kuwauliza wazee huku mkishika vitu vya zamani. Watu hukwama kati yake hasa Oktoba inapokaribia, Tanzania ikijiandaa kwa Siku ya Nyerere tarehe 14 na Kenya kwa Siku ya Mashujaa tarehe 20. Video za katuni tumeziacha nje, kwa sababu ubora wake hupishana mno kiasi kwamba haziwezi kupimwa kama njia moja.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tumeipima kwa mambo manne. La kwanza ni kile anachobaki nacho mtoto baada ya wiki mbili: mtu, wakati, mahali, au ushahidi. Hakuna njia inayompa vyote vinne, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia. La pili ni maandalizi: muda, vifaa na gharama. La tatu ni pale panapoharibika, kwa kuwa kila njia ina kosa lake linalojificha. La nne ni nani inamfaa, kwa umri na kwa idadi ya watoto.

Ili kipimo kiwe kimoja, mfano mkuu ni ule ule kote: Nyerere na safari ya Tanganyika kuelekea Uhuru wa 9 Desemba 1961. Aliyeko Kenya anaweza kumweka Wangari Maathai badala yake, aliyezaliwa mwaka 1940, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hatua hazibadiliki.

1. Simulizi ya mdomo

*Anachobaki nacho.* Mtu. Mtoto atamkumbuka mtu aliyekuwa na shida na akaamua jambo. Tarehe hatazikumbuka, na usimdai.

*Maandalizi.* Gharama hakuna, lakini kazi ipo. Kosa la kwanza ni kusimulia maisha yote kuanzia kuzaliwa Butiama hadi kufariki London mwaka 1999. Mtoto hupotea njiani. Chukua tukio moja tu, lenye mahali pamoja, tatizo moja na uamuzi mmoja. Majina yasizidi matatu, mwaka uwe mmoja au usiwepo kabisa. Kwa miaka 5 na 6, dakika tano hadi saba zinatosha. Kwa miaka 7 hadi 9, kumi hadi kumi na mbili.

Kwa Nyerere, tukio zuri ni la mwaka 1955. Alikuwa anafundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na wakati huo huo anaongoza TANU, chama kilichoanzishwa mwaka uliotangulia. Akatakiwa achague: ualimu wenye mshahara, au siasa. Ukifika hapo, nyamaza. Waulize watoto, "Wewe ungechagua nini?" Waache wabishane dakika mbili. Kisha waambie alichochagua: aliacha kazi, ila jina la Mwalimu likabaki naye mpaka mwisho. Shida ya kuambiwa "chagua kimoja" mtoto wa darasa la kwanza anaijua vizuri, kwa hiyo hapa hahitaji kufafanuliwa maana ya ukoloni kabla ya kuelewa.

*Panapoharibika.* Mahali pa kwanza ni mlangoni. Ukianza na "Paukwa!" nao wakajibu "Pakawa!", umekwisha kuwaambia kwamba kinachofuata ni hekaya, na Nyerere atawekwa kapu moja na Fisi na Sungura. Paukwa iachie hadithi za kubuni. Historia ipe mlango wake, na uwe ule ule kila siku: "Hili lilitokea kweli, na lilitokea Pugu." Baada ya mara tatu nne watoto wenyewe wataanza kuuliza, "Hii ni ya paukwa au ya kweli?" Wakifika hapo, wameanza kufikiri kama wanahistoria.

Kati ya milango hiyo miwili upo wa tatu. Pwani ya Kenya husimuliwa kwamba Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, alimletea ofisa wa serikali kuku mwenye vifaranga, akamwambia jaribu kuchukua kifaranga kimoja uone. Kuku akamdonoa. Kisa hicho ni kitamu na kina maana, basi kisimulie, lakini kianze kwa neno "inasimuliwa". Kwamba alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka na kurudi pwani kwa miguu, hilo lianzie na "tunajua". Mtoto wa miaka saba anaitambua tofauti ya maneno hayo mawili upesi kuliko watu wazima wanavyodhani.

Kosa lingine ni shujaa wa peke yake. Mtoto akisikia Nyerere, Nyerere, Nyerere, atadhani mtu mmoja aliamka asubuhi akaleta Uhuru. Kila simulizi iwe na mwingine mwenye jina. Bibi Titi Mohamed anafaa sana: alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na alipoanza kuongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 alivifuata vile vikundi vya ngoma alivyovifahamu. Kwa mtoto, mwimbaji aliyewaita wenzake mkutanoni ni picha inayoshikika.

Ukimaliza, mpe karatasi achore, kisha mwambie akueleze mchoro wake. Usishangae ukiona bunduki. Watoto hudhani kila uhuru ulipatikana kwa vita, na mchoro ndio utakaokuonyesha kwamba hukusema vya kutosha juu ya mikutano na kura.

*Inamfaa nani.* Watoto wa miaka 5 hadi 7 hasa, na darasa kubwa lisilo na vifaa. Msimulizi asiye na sauti ya kuvuta asijilazimishe; simulizi iliyosomwa kavu kutoka daftarini huchosha kuliko somo la kawaida.

2. Kamba ya miaka

*Anachobaki nacho.* Wakati. Nani kabla ya nani, na umbali kati yao. Njia nyingine zote tatu ni dhaifu hapa.

*Maandalizi.* Kamba ya manila mita 13, vibanio vya nguo, kadi za boksi za sentimita 10 kwa 15, kalamu ya wino mzito na futikamba. Muda ni kama saa moja na nusu mara ya kwanza.

Kipimo ni sentimita 10 kwa mwaka mmoja, yaani mita moja kwa miaka kumi. Mwanzo wa kamba ni leo. Chukua mwaka huu, toa mwaka wa tukio, zidisha kwa sentimita 10: hapo ndipo kadi inaponing'inia. Anzia kwa mtoto mwenyewe. Kama ana miaka saba, kadi yake iko sentimita 70 tu kutoka mwanzo. Mama wa miaka 32 yuko mita 3.2. Uhuru wa 1961 uko mita sita na zaidi, kuanzishwa kwa TANU mwaka 1954 kuko mita saba na ushee, kuzaliwa kwa Nyerere kuko mita kumi na kitu, na Vita vya Majimaji vya 1905 viko karibu kabisa na mwisho wa kamba. Halafu weka kadi ya bibi mwenye miaka 60. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba bibi alizaliwa baada ya Uhuru. Yule aliyekuwa akimwona bibi kuwa mtu wa zamani za kale hushangaa, na mshangao huo ndio somo.

Mita 13 haziingii katika madarasa mengi. Ndani ya chumba punguza kipimo hadi sentimita 5 kwa mwaka, kamba iwe mita sita na nusu. Itundike usawa wa macho ya mtoto, yapata mita moja kutoka chini. Ikiwa juu, kama mapambo ya sherehe, hataigusa.

*Panapoharibika.* Usiweke alama za mita kwa kupiga mafundo. Kila fundo hula sentimita kadhaa za kamba, na ukifika la kumi umepoteza miaka mingi bila kujua. Pima kamba ikiwa imenyooka chini, weka alama kwa kalamu, kisha funga kitambaa chembamba cha rangi juu ya alama.

Usisogeze kadi ili zipendeze. Mkono hutamani kuzipanga kwa nafasi sawa, lakini lile pengo tupu kati ya Majimaji na kuzaliwa kwa Nyerere lina kazi yake: miaka 17 lazima ionekane kubwa kuliko miaka 7. Kadi zisizidi nane kwa kuanzia.

Usichanganye vipimo, pia. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Kwa sentimita 10 kwa mwaka inahitaji mita 43, basi nenda uwanjani. Ziara ya Ibn Battuta Kilwa mwaka 1331 inakaribia mita 70. Na fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, lina umri wa miaka milioni moja na robo tatu hivi: hiyo ni kamba ya kilomita 175, kutoka Dar es Salaam hadi kuikaribia Morogoro. Waambie watoto hivyo hivyo kwa maneno, wacheke, lakini usimtundike Zinjanthropus kwenye kamba ya mita 13 kwa sababu tu picha yake ni nzuri. Ukifanya hivyo umevunja kila ulichojenga.

*Inamfaa nani.* Miaka 7 hadi 9, walio na hesabu za kuhesabia kwa kumi. Mtoto wa miaka mitano ataweza kamba fupi tu yenye kadi tatu: mimi, mama, bibi. Darasa la watoto 60 au 70 linaweza kuitumia uwanjani, watoto wenyewe wakisimama na kadi badala ya vibanio.

3. Kwenda mahali penyewe

*Anachobaki nacho.* Mahali na ukubwa wa vitu. Unene wa kuta za Ngome ya Yesu hauelezeki kwa mdomo. Mtoto akinyoosha mikono dirishani asifike upande wa pili, ameelewa.

*Maandalizi.* Hii ndiyo njia ghali. Kuna usafiri, kiingilio, maji, chakula, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano au sita. Piga simu mapema kuuliza bei za makundi ya shule na kama barua ya mwalimu mkuu inahitajika. Nenda kwanza peke yako ujue choo kilipo, kivuli kilipo, na vitu vitatu utakavyowaonyesha. Vitatu, si makumbusho nzima. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, magari waliyotumia viongozi huwavutia watoto kuliko maandishi yoyote ya ukutani. Iringa kuna makumbusho ya Kalenga, penye historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Ipo pia ziara isiyo na kiingilio, na inadharauliwa bure. Katikati ya Dar es Salaam mnaweza kupita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mkafika Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, yule askari wa shaba aliyeelekeza singe yake upande wa bandari. Swali la kumwuliza mtoto: huyu askari alipigana vita vya nani? Kisha Kariakoo, sokoni anakopajua, ambako jina lenyewe limetokana na *Carrier Corps*, kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariokor ya Nairobi ina asili hiyo hiyo. Nairobi kuna na sanamu ya Dedan Kimathi, katika mtaa wenye jina lake.

*Panapoharibika.* Mwongozaji huzungumza na watu wazima. Ataanza na orodha ya masultani, na watoto watakuwa wameshakimbilia mizinga. Mwombe kabla: dakika tano kwa kila kitu, maswali mengi, tarehe chache. Jumla ya kukaa ndani isizidi dakika 40 kwa watoto wa miaka sita. Kwenda saa sita mchana ni kosa. Anzeni saa tatu asubuhi.

Kubwa zaidi ni kwenda bila kujua unakwenda kuona nini. Mtoto asiyesikia lolote juu ya Mkwawa kabla ya Kalenga ataona fuvu lake tu, na usiku ataota. Fuvu hilo lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na kisa chake ni kizito. Kwa walio chini ya miaka minane, simulia ushindi wa Wahehe kule Lugalo mwaka 1891 na ngome ya Kalenga, na chumba cha fuvu kiachwe kwa wakubwa. Vivyo hivyo soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar. Siyo kwamba mtoto adanganywe. Akiuliza, jibu kwa sentensi fupi ya kweli. Ila usimwingize vyumba vya chini ya ardhi halafu ndipo uanze kueleza.

*Inamfaa nani.* Miaka 7 na kuendelea, kundi dogo, na mtoto anayejifunza kwa kugusa. Darasa la watoto 70 kwenye basi moja ni ziara ya kuhesabu vichwa, si ya historia.

4. Wazee na vitu vya nyumbani

*Anachobaki nacho.* Ushahidi. Anajifunza kwamba historia ina mtu aliyeiona, na kwamba inaulizwa.

*Maandalizi.* Mzee mmoja, dakika ishirini, simu ya kurekodia kwa idhini yake, na maswali matatu kwa kila mtoto. Maswali ndiyo yenye kazi. "Babu, tuambie historia" huleta hotuba. Uliza vitu vidogo: Shuleni mlikalia nini? Nani mtaani alikuwa na redio? Sabuni ilipokosekana mlifulia nini?

Vitu viandamane na maneno. Noti ya shilingi 1000 ya Tanzania ina sura ya Nyerere, sarafu ya 500 ina Karume. Kenya, sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina wanyama. Tafuta za zamani zenye sura ya Kenyatta au Moi, kisha umwulize mtoto kwa nini watu wamebadilishwa wakawekwa twiga na simba. Kitambulisho cha zamani, redio ya mkulima, khanga iliyotunzwa, cheti cha shule: vitatu vinatosha.

*Panapoharibika.* Watu husahau kuhesabu umri. Bibi wa miaka 60 hawezi kusimulia usiku wa Uhuru wa Tanganyika, hakuwapo. Anachoweza kusimulia ni Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata mama na baba wa leo ni mashahidi: walio na miaka 35 na zaidi wengi wanakumbuka Oktoba 1999, mwili wa Mwalimu ulipoletwa kutoka London, watu wakafurika uwanjani, na maziko yakafanyika Butiama tarehe 23. "Ulikuwa wapi siku ile?" ni swali ambalo karibu kila nyumba ina jibu lake, na watoto wawili wakileta majibu mawili tofauti, darasa limepata kazi ya kweli.

Kumbukumbu huteleza kwenye tarehe, na hilo si kosa la mzee. Andika alichosema, kisha linganisha na kamba. Jambo la kuwa nalo makini ni maumivu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970, vurugu za uchaguzi: zungumza na mzee kabla, mkubaliane yapi yasiguswe mbele ya watoto.

*Inamfaa nani.* Umri wowote kuanzia miaka mitano, hasa mtoto mmoja nyumbani. Darasani leta mzee mmoja, chagua waulizaji sita, wengine wachore.

Kwa hali yako

Mtoto ni mmoja, ni jioni na umeme umekatika: simulia.

Mtoto anajua visa vingi lakini anadhani Wareno na Nyerere walikutana: ana watu wa kutosha, anakosa wakati. Tundika kamba, usimwongezee hadithi nyingine.

Mtoto anauliza "umejuaje?" kila mara: mpe mzee na sarafu. Kama mko karibu na ngome, makumbusho au sanamu yoyote, mpeleke.

Darasa ni la watoto 70 na fedha hakuna: simulizi ya dakika kumi, kisha kamba uwanjani. Ziara badilisha iwe matembezi ya majina ya mitaa iliyo jirani na shule, kwa makundi, siku tofauti.

Mnaishi Muscat, London au Minneapolis: mpigie bibi kwa video, maswali matatu, siku ya mapumziko. Kwenye kamba ongeza kadi ya mwaka familia ilipohama. Kwa mtoto aliyezaliwa huko, kadi hiyo ndiyo inayoziunganisha nyingine zote na yeye.

Mada ni nzito, mathalani Majimaji: kwa miaka 8 na 9, simulizi na kamba kwa pamoja. Watauliza kama maji ya Kinjikitile, yule mganga aliyewapa wapiganaji dawa ya maji, yalizuia risasi. Jibu: hapana, watu waliamini, na wengi walikufa. Kisha nyamaza uwape nafasi ya kuuliza zaidi.

Imebaki wiki moja kabla ya Siku ya Nyerere: Jumatatu simulizi ya Pugu, Jumanne michoro, Jumatano kamba, Alhamisi kila mtoto amwulize mtu mzima wa nyumbani alikuwa wapi Oktoba 1999, Ijumaa majibu yaandikwe kwenye kadi na kubanwa pale panapohusika. Waonye wazazi mapema, ili wasikurupushwe na swali hilo usiku wa Alhamisi wakati chakula kiko jikoni.